Kichwa Chini Mpaka Mpira Usimame

Chumba kile kilinuka sufu iliyozeeka, mafuta ya taa na mbao ambazo hazikuwahi kuona polishi tangu waliozileta wafunge virago vyao. Ukifungua mlango, harufu inakupokea kabla macho hayajazoea giza, na mimi hata leo mtu akitoa blanketi la zamani sandukuni nasimama kidogo na kuvuta pumzi. Klabu yenyewe ilikuwa jengo refu la bati lenye baraza, upande wa mji wa Babati unaotazama ziwani, na walioijenga walikuwa walowezi waliolima huko bondeni Kiru. Walipoondoka walichukua viti, saa ya ukutani na hata vitasa vya milango, lakini meza ya biliadi iliwashinda. Chini ya kitambaa chake kulikuwa na jiwe tupu, na miguu yake ilikuwa minene kama ya kiboko. Ikabaki pale pale katikati ya chumba, pamoja na mipira yake na fimbo chache za kuchezea, na klabu ikawa ya watumishi na wenyeji wa mji. Wazee walicheza drafti barazani na kusoma magazeti yaliyofika yakiwa yameshapitwa na wakati. Ndani, kwenye ile meza, walicheza wachache waliojua.

Nasimulia habari za mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami nikiwa bado shule ya msingi. Aliyekuwapo hahitaji kusimuliwa, na asiyekuwapo naomba aniamini tu. Sabuni ilikuwa habari ya kuitana. Ikisemekana sukari imefika dukani, mji mzima ulijipanga, na aliyechoka kusimama aliweka jiwe au kikapu kimshikie nafasi. Tulifua kwa majani ya mpapai. Sketi yangu ya shule ilikuwa na kiraka juu ya kiraka, na hakuna aliyenicheka kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafuu. Katika hali hiyo unaweza kufikiria wanawake wa mitaa yetu ya Maisaka na Nangara walikionaje kile kitambaa cha kijani mezani. Jirani yetu Mama Safari, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alisema waziwazi kwamba nguo nzuri vile kulaliwa na mipira wakati watoto wa watu wanatetemeka kwa baridi ni dhambi, na kwamba yeye angepewa mkasi na nusu saa tu angetoa makoti ya nyumba nzima.

Mtunza klabu, Mzee Sulle, alisikia maneno hayo na akazidi kubana funguo. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyeshuka kutoka milima ya Mbulu akiwa kijana, na kofia yake ya sufu haikutoka kichwani hata jua likiwaka. Alijua kitambaa kikichanika hakuna kingine, si Arusha wala Dar es Salaam. Alikipiga brashi kila siku kuelekea upande mmoja tu, taratibu, kama mtu anayemchana mgonjwa nywele. Chaki za bluu za kupaka kwenye ncha za fimbo ziliisha, tukawa tunatumia vipande vya chaki za shule. Ngozi ya ncha ikilika, fundi viatu alikata kijipande cha ngozi ya ng'ombe iliyoletwa mnadani na wafugaji wa Hanang, akakibandika. Mzee Sulle alikuwa na sheria mbili ambazo hakuzilegeza kwa mkubwa wala mdogo. Ya kwanza, hakuna kugusa mpira mpaka ujue kushika fimbo. Ya pili, chumba hakifunguliwi kwa mtu mmoja, kwa sababu mchezaji akibaki peke yake huanza vituko na vituko ndivyo vinavyochana nguo. Sheria hii ya pili ndiyo iliyoniingiza mimi mle ndani.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alipeleka mahindi na mbaazi Arusha na kurudi na chochote kilichopatikana, na ile barabara ya vumbi aliijua shimo kwa shimo. Kisha matairi yakaadimika. Lori la tajiri wake likapandishwa juu ya mawe, likakaa uani, kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha dereva. Mwanzoni baba alikwenda kulitazama kila asubuhi. Baadaye akaacha kwenda. Akawa anakaa tu kwenye kigoda, anaangalia mlima Kwaraa, na ukimwamkia anaitikia kama mtu aliye mbali. Kilichomsaidia ni biliadi, mchezo aliojifunza Moshi enzi za ujana wake alipokuwa utingo. Alicheza na bwana shamba mmoja kila alasiri, na siku hizo alirudi nyumbani akiwa na maneno mawili matatu ya kutuambia. Halafu bwana shamba akahamishiwa Singida. Mlango wa klabu ukawa umefungwa kwa baba, na njia ya kurudi kutoka klabu inapita nyuma ya soko, kwa wauza pombe. Jioni moja alifika nyumbani na kiatu kimoja, anacheka peke yake, akaanguka juu ya beseni la maharage ambayo mama alikuwa ameyaloweka. Wadogo zangu walicheka naye. Mama hakucheka, na nilipomtazama usoni niliingiwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua, kwamba baba anaweza kupotea akiwa bado yumo ndani ya nyumba.

Haikupita wiki, mama akaniita jikoni. "Vero, kuanzia leo ukitoka shule unaongozana na baba yako klabu. Atakufundisha mchezo wake. Kwenda pamoja, kurudi pamoja." Aliyasema hayo huku anachochea moto, bila kunitazama. Sikuwa mjinga. Nilielewa kwamba nimepewa zamu ya ulinzi. Nikijua kucheza, baba anapata mwenzake na chumba kinafunguliwa. Nikishindwa, chumba kinafungwa, na nyuma ya soko hapakuwa mbali. Mzee Sulle aliponiona nimesimama mlangoni na kaptula ya michezo ya kaka wa jirani chini ya sketi alishusha pumzi ndefu. Baba akamwambia, "Mzee, sheria yako inasema watu wawili. Huyu ni wa pili." Mzee alifikiri sana, akajibu kwamba ni kweli sheria haikutaja mtoto wa kike, lakini ilitaja mtu anayejua, na huyu bado hajui. Akatupa muda wa kujifunza, yeye akiwa amekaa pembeni na brashi yake mkononi.

Baba alinifundisha kwa lugha ya barabarani maana hakuwa na nyingine. Miguu kwanza: mmoja mbele, mmoja nyuma, uzito umegawanyika, kwa sababu gari lililopakiwa upande mmoja halifiki. Mkono wa kushoto ulale juu ya kitambaa, vidole vitanuliwe, dole gumba lisimame kidogo ili fimbo ipite kati yake na kidole cha shahada. Mkono wa kulia ulikuwa ndio tatizo. Mimi nilikuwa mtoto wa shamba, nilizoea mpini wa jembe, na niliikaba fimbo mpaka vifundo vya vidole vikageuka vyeupe. "Unalima, Vero," baba alisema. "Hapa hatulimi. Ishike kama usukani kwenye barabara ya makorogesheni, ile ya mawimbi mawimbi. Ukiukaba, lori linakuvunja mikono. Uache uchezecheze, lakini usiuachie." Kiwiko kibaki mahali pake, kinachosogea ni mkono wa chini peke yake, mbele na nyuma. Na fimbo ikishagusa mpira usiikate njiani, iache iendelee mbele ya pale mpira ulipokuwa. Mambo haya ukiyasoma unaona ni madogo. Mimi niliyaota usingizini.

Nyumbani mazoezi yalikuwa ya chupa. Baba alilaza chupa tupu ya soda mezani, mdomo wake ukinielekea, nami nikapewa fimbo nyembamba ya kuchungia iliyonyooshwa kwa moto. Kazi yangu ilikuwa kuipitisha fimbo kwenye shingo ya chupa, ndani na nje, bila kugusa kioo. Ukigusa inalia. Mama alikuwa upande wa pili wa ukuta anapepeta mahindi, na kila chupa ilipolia alisema, "Umegonga," bila kuacha kupepeta. Mwanzo wimbo ulikuwa huo huo jioni nzima, umegonga, umegonga, mpaka wadogo zangu wakaanza kuniita Umegonga. Lakini polepole chupa ikanyamaza. Ilifika siku nikaingiza na kutoa fimbo mpaka mama akachungulia mlangoni kuhakikisha kama bado nipo. Nilijivuna sana. Niliona kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Nikifika klabu mkono uliokuwa umenyooka nyumbani ulipinda. Si kila mara, na hilo ndilo lililomchanganya baba. Nilipiga mpira ukaenda vizuri, nikapiga wa pili ukaenda vizuri, wa tatu ukakimbilia pembeni kama mbuzi aliyeona chui. Baba alikagua miguu yangu, akakagua kiwiko, akabadilisha fimbo, akanibadilisha upande wa dirisha. Alisema labda ni macho. Alisema labda ni njaa. Siku moja ncha ya fimbo yangu ilizama chini wakati wa kupiga, ikateleza juu ya kitambaa na kuacha mchirizi mweupe. Haikuchana. Lakini Mzee Sulle aliinuka, akaufuta ule mchirizi kwa kidole gumba, akausogelea na uso wake mpaka pua ikakaribia kugusa meza. Kisha akasema kwa sauti ya upole ambayo iliniumiza kuliko angegomba: "Baba Vero, Jumamosi mtoto apige mpira kutoka mwisho huu, uende moja kwa moja mpaka ukingo wa kule, urudi kwenye ncha ya fimbo yake. Ukirudi, mtacheza. Usiporudi, nafunga, na usinichukie." Baba aliitikia kwa kichwa. Tukarudi nyumbani, na tulipofika nyuma ya soko niliushika mkono wake kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

Jibu lililetwa na mvua. Siku mbili kabla ya Jumamosi mvua ilinyesha kwa hasira, bati likawa linapiga kelele, na barazani hapakuwa na mtu hata mmoja. Tulikuwa watatu tu, Mzee Sulle akiwa amekwenda nyuma kuweka ndoo panapovuja. Nikapiga. Mpira ukaenda ukarudi. Nikapiga tena, ukaenda ukarudi. Baba alianza kutembea akizunguka meza huku anajikuna kidevu. Nilikuwa nimeinama kwa pigo jingine, fimbo inakwenda mbele, mlango wa nyuma ukalia na Mzee Sulle akaingia anakung'uta kofia. Hapo hapo kichwa changu kikainuka, mgongo ukanyooka, mdomo ukatamka "Shikamoo," na mpira ukaenda zake kona. Nilikuwa nimeshamwamkia mzee yule yule mara mbili mchana huo. Baba akasimama. Akanitazama, akautazama mlango, kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho sikukisikia tangu lori lipandishwe juu ya mawe. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Mwanangu, wewe unauamkia mlango!"

Ndivyo ilivyokuwa. Nililelewa na mama ambaye kwake mtoto aliyebaki ameinama wakati mkubwa anaingia alikuwa mtoto aliyeshindikana. Mkubwa akiingia unaacha unachofanya, unasimama, unaamkia. Kule klabu wakubwa waliingia na kutoka mchana kutwa, wengine kunywa maji, wengine kuulizia gazeti, na mimi kila nilipoinama nusu ya masikio yangu ilikuwa mlangoni. Mguu ukisikika tu barazani, mwili wangu ulianza kuinuka kabla mpira haujaondoka, na kichwa kikiinuka bega linafuata, bega likiinuka ncha ya fimbo inazama. Haikuwa miguu wala kiwiko. Ilikuwa adabu. Baba akaniwekea sheria mpya, na kwa mtoto kama mimi ilikuwa ngumu kuliko chupa: kichwa chini mpaka mpira usimame, hata akiingia askofu. Ukishasimama, amkia watu wote uwezavyo.

Kwa siku mbili nyumba yetu ikawa ya vichekesho. Mimi nimeinama kwenye chupa, baba anatoka na kuingia huku akikohoa na kupiga hodi kwa sauti za watu mbalimbali, mara mwalimu mkuu, mara katekista, mara balozi wa nyumba kumi. Wadogo zangu walipokezana. Mama mwenyewe, baada ya kupinga sana, aliingia mara moja na kusimama mbele yangu, na nilipobaki nimeinama niliona miguu yake ikisita pale sakafuni kwa muda. Kisha Mama Safari akaja kuomba kaa la moto bila kujua lolote. Aliingia, akasubiri shikamoo, hakuipata, akamgeukia mama. "Mama Vero, huyu mtoto mmempeleka wapi akarudi hivi?" Mama alijitahidi kueleza habari za mpira usiokuwepo, na kadiri alivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika. Mama Safari aliondoka na kaa lake, na kabla ya jua kuzama nusu ya Maisaka ilikuwa inajua kwamba binti wa dereva ameharibiwa na klabu.

Jumamosi barazani palijaa kwa sababu hiyo hiyo. Mzee Sulle alikipiga brashi kitambaa, akauweka mpira mweupe mahali pake. Baba alisimama upande wa pili, mikono nyuma, na niliona kwamba alikuwa amenyoa ndevu. Nikapanga miguu. Nikalaza mkono. Nilijua ninachokipigania: nilitaka baba arudi nyumbani kila jioni kwa miguu yake, na viatu vyote viwili. Nikaanza kusogeza fimbo mbele na nyuma, na hapo ndipo nikasikia kikohozi. Haikuwa sauti ya baba akiigiza. Kilikuwa kikohozi cha babu yangu, mzaa baba, ambaye alikuwa ameteremka kutoka Dareda kuja gulioni, akaambiwa nyumbani kwamba tuko huku. Babu huyu nilimwogopa kuliko mwalimu yeyote. Viti vyote barazani vilikwaruza sakafu kwa pamoja, watu wakasimama, shikamoo zikapishana, na chumba kizima kikawa kimesimama isipokuwa mimi. Shingo iliniuma kwa kutaka kuinuka. Nilibaki nimeukazia macho ule mpira, nikaiachia fimbo ipite.

Mpira ulikwenda. Niliusikia ukigonga ukingo wa mbali, kisha nikauona unarudi, polepole, juu ya ule ule mstari wa kwenda, kitambaa kikitoa sauti ndogo chini yake. Ukaja, ukaja, ukagusa ncha ya fimbo yangu, ukasimama. Ndipo nikainuka, nikageuka, nikasema, "Shikamoo babu," na sauti ikatoka kama ya kifaranga. Babu alinitazama, akamtazama baba. "Nani amemfundisha kunipa mgongo?" Baba akajibu, "Ni mimi, baba. Alikuwa analenga." Babu akasogea mezani, akauangalia mpira uliogusana na fimbo, kisha akasema kwamba alipokuwa kijana akilinda mahindi dhidi ya nguruwe pori, akishavuta upinde hata marehemu baba yake alingojea. "Marahaba, mjukuu wangu," akamaliza, na kunigeuzia kiganja nikishike. Mzee Sulle alipitisha mkono wake juu ya kitambaa kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Hakukuta kitu. "Kesho saa tisa," alisema, na baba akaniinua juu kama vile nilikuwa bado mtoto wa kubebwa. Nami nikalia kwa sababu yote yalikuwa yamekwisha.

Tulicheza msimu ule wote na kiangazi kilichofuata. Baba alinishinda karibu kila siku, bila huruma hata kidogo, na tulirudi nyumbani tukibishana. Nyuma ya soko tulipita tukiwa bado tunabishana. Matairi yalikuja hatimaye, kuku wakafukuzwa, lori likateremshwa, na siku baba alipoondoka tena na mzigo wake wa mbaazi mama aliimba tangu asubuhi. Sitasema kwamba hakuonja tena pombe maisha yake yote, maana nitakuwa nasema uongo. Lakini hakuanguka tena.

Leo Babati ina lami, na meza za pool ziko kila baa ukianzia stendi, ndogo ndogo, za kuingiza tokeni. Vijana wanapiga mipira kwa nguvu ya kuvunja mawe, kichwa juu, macho kwenye simu, na nguo ikichanika fundi anakuja na nyingine. Sina ugomvi nao. Ninafurahi kwamba nguo ipo, kwamba sabuni ipo, kwamba hakuna mama anayeweka jiwe kwenye foleni ya sukari. Mara moja moja nikiwa na ujasiri naomba fimbo, nao wanatazamana, "Bibi, unaweza?" Ninawaonyesha kidogo. Mzee Sulle alikwishatangulia, klabu ilivunjwa, na ile meza sijui ilikwenda wapi.

Baba yupo, anaishi Singe, miguu imechoka lakini akili ni nzima. Mwaka jana tulikuwa tumekaa uani kwake nikapata ujasiri wa kumwuliza jambo nililolibeba tangu utoto, kama alijua kwamba mama alinituma nimlinde. Nilidhani atakasirika. Alinitazama akatabasamu, akasema, "Mama yako hakukutuma. Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimwambia, nipe Vero nitembee naye, nikiwa peke yangu pale nyuma ya soko siwezi kupita." Miaka yote hiyo niliamini kwamba ni mimi niliyemshika baba asipotee, kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kushikwa. Nikauchukua mkono wake, nao ukanishika vile alivyonifundisha, bila kukaba na bila kuachia.